Kilio ya Etabo imechelewa

Swima, siku ya Mungu, jua iko inaanza kushuka. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, sasa imeacha, na kiwanja ni matope tupu.

Nimechoka. Si ile kuchoka mutu analala na inatoka. Nimechoka kama mutu alishinda kesi na anaona haya kuambia batu kama alishinda.

Nyiye munasomaka hapa ku page yangu juu ya mihogo na mbegu ya muchele, leo hakuna mihogo. Leo naandika yangu tu, hata sijui namuandikia nani. Nimekaa nyuma ya nyumba ya Mama Etabo, telefone iko na charge kidogo, na mbele ya nyumba bamama bangali banaimba nyimbo ya kanisa. Tuko mu matanga tangu alhamisi. Tunamulilia kijana mumoja alikufa zamani sana, kambini. Na kama analiliwa leo, ni juu yangu.

Acha nianze ku kazi, juu yote ilianzia pale.

Mi ni moniteur agricole. Kazi yangu ilikuwa kupita mu mashamba, Baraka mupaka Lulimba, kuonyesha balimaji namna ya kuchagua mbegu ya muhogo yenye haina ugonjwa, namna ya kupanda ku mistari. Ni projet ya serikali, na contrat ya myaka, ikiisha banaiandika tena. Balimaji bananijua. Bakimbizi ba Burundi, bale banalima kando ya barabara, bananiitaka Monsieur Mistari, juu mustari ikipinda kidogo narudia mwanzo na kamba yangu. Banacheka, lakini banarudia na mi.

Mwaka huu, katikati ya contrat, coordonnateur mupya wa projet akaomba dossier ya kila mutu. Nikapeleka yangu. Kisha kidogo planton, mutumishi wa bureau, akaniletea barua: nimefukuzwa, juu sina niveau ya masomo yenye kazi inaomba.

Hakuna kuitwa. Hakuna kuulizwa. Barua tu, na planton anaangalia pembeni.

Sasa uchungu iko hapa: niveau niko nayo. Nilisoma mupaka diplôme, na nilipata. Lakini ile diplôme haina jina yangu. Iko na jina ya Etabo.

Na Etabo si mi.

Coordonnateur wa kwanza, ule alinipatia kazi, nilimuelezeaka yote mbele ya kusaini. Akaomba attestation ya chef wa quartier, nikaleta, akasema inatosha, batu ba huku bote banajua mambo ya kambi. Huyu mupya, nilipoenda kumuona, akasema yeye hajui mambo ya kambi, anajua karatasi. Nafasi yangu alishaka kuitia kijana mumoja wa Bukavu. Siseme ni ndugu yake. Sina ushahidi, na ushahidi, kama mutaona, ni kitu ya bei.

Vita ilinikuta niko kijana. Kila mutu alikimbia na njia yake. Baba na mama yangu sikubaona tena mupaka leo. Mi nilivuka ziwa na batu sikubajua, nikafika kambini ng'ambo, Tanzania, niko peke yangu. Mutoto peke yake, kumuandikisha ilikuwa mateso. Mama Etabo na bwana yake bakanikuta nimekaa nyuma ya foleni ya chakula, sina hata sahani. Mutoto yao mukubwa, Etabo, umri yangu kabisa, alikuwa ametoka kufa, ugonjwa ya kuhara. Lakini ku karte ya chakula alikuwa angali muzima. Papa Etabo akanishika bega akasema: "Utakula chakula yake, utavaa shati yake, na bakiita jina yake utaitika."

Nikaitika. Bakaniandikisha école ku ile jina. Nikasoma ku ile jina myaka yote.

Mutu anaweza sema balikuwa bezi. Aseme. Mi najua tu kama sikukufa.

Lakini kuko kitu mi kama mutoto sikuielewa. Etabo hakuliliwa. Baba yake alikataza. Balimuzika asubuhi mapema, mama amejaza kitenge mu kinywa, juu akilia majirani batasikia, majirani bakisikia mukubwa wa block atasikia, na ile jina itatolewa ku karte, na kuko badogo bane nyuma yake bako na njaa. Mama akasema moyoni kama atalia baadaye. Kisha mi nikafika, nikakalia nafasi, na ile "baadaye" yake ikakosa mulango. Unamulilia mutoto namna gani na iko anaitika kila asubuhi?

Tuliporudia Congo, mama aliambia bandugu yake hapa Swima kama Etabo alibakia ng'ambo, anatafuta maisha. Bale badogo bane balikuwa badogo sana siku ya kifo, nabo bakaamini vile. Papa Etabo alikufa na ile siri. Mama akabakia nayo peke yake. Kila Noeli hakukosekani mutu wa kumuuliza: "Na kijana, hata salamu hatumi?" Huku kwetu, mutu akifa, jina yake inarudilia ku mujukuu. Mama iko na bajukuu kujaa kiwanja. Hakuna Etabo hata mumoja kati yao. Mi nilikuwa naona ile, na nilikuwa napitisha macho.

Nilikaa Baraka, nikarudia jina yangu Wilondja, nikaoa, nikazaa. Mwanzoni nilikuwa nakuja kumuona mama kila mavuno. Kisha mara moja mu mwaka. Kisha nikawa namutumia salamu na motard wa pikipiki, kama ule mutoto wa uongo wa ng'ambo.

Hiyo pia ni yangu. Sitaifuta.

Bibi yangu, mama ya Neema, njo alinisukuma ku kesi. Nilikuwa nashinda mu nyumba nazungumuza peke yangu, natukana coordonnateur nikifunga viatu, nikifungua viatu. Akasema: "Baba Neema, coordonnateur iko chini ya kitanda? Kama iko pale mutoshe, nifagie. Kama hayuko, enda umushitaki pale penye iko."

Nikaenda kwa inspecteur wa kazi. Mzee mumoja mupole, anafuata maneno na kidole akisoma. Akaniambia kesi yangu iko mbili. Ya kwanza nyepesi: balinifukuza katikati ya contrat, bila kuniita, bila préavis ya kunionya mbele. Hapo batanilipa kitu, na niende zangu. Ya pili njo nguvu: kama nataka kazi yenyewe irudi, lazima ijulikane bila mashaka kama ule alisomaka ni mi.

"Leta mutu alikuona mu darasa," akasema.

Nikaleta Amisi. Tulikaa banc moja, sasa ni mwalimu kule Baraka. Njia yote nilimufundisha: utasema unanijua, utasema tulisoma wote, utasema niliitwaka vile juu ya karte. Anasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Bananiingiza kwanza mu bureau ya inspecteur, naketi, coordonnateur iko ku kiti ingine. Kisha banamuita Amisi. Anafungua mulango, ananiona, anapanua mikono yote mbili:

"Etabo! Etabo ndugu yangu, balikufanya nini?"

Coordonnateur alicheka mupaka akatosha miwani. "Monsieur l'inspecteur, sasa tuko na shida mupya. Kama huyu ni Etabo, nani alisaini contrat yangu ku jina ya Wilondja?"

Amisi maskini akajaribu kurudisha maji mu ndoo. "Hapana, pia ni Wilondja. Wilondja ni ya nyumbani. Ao... Etabo ni ya darasa..."

"Na ya siku ya mushahara ni gani?"

Hata inspecteur alifunika kinywa. Mi sikumukasirikia Amisi. Bote tulisoma nabo bananijua Etabo. Kila mutu ningeleta angenizamisha. Dunia nzima kulikuwa mutu mumoja tu alijua sisi bawili: mumoja alimuzaa, mwingine alimulisha.

Hapo ningeacha. Njo maana naandika. Ningekamata ile ya kwanza, banilipe kidogo, nirudie ku jembe yangu. Bibi yangu angenuna juma moja na ingeisha. Sikuacha. Nilisema moyoni ni juu ya haki. Ilikuwa juu ya haki, kweli. Lakini ilikuwa pia juu ya ule kicheko ya coordonnateur. Nilitaka kuikata.

Nikakuja Swima na sukari na sabuni. Mama alikuwa anaanua ndagala. Alinifurahia mupaka nikaona haya. "Umekonda, papa. Bibi yako hajui kupika bugali?" Nikakaa, nikamueleza. Mikono yake ikaendelea na ndagala, polepole.

"Sasa unataka niseme nini?"

"Useme tu kama Etabo alikufa, na mi njo nilisoma ku nafasi yake."

Akatupa ndagala moja mu kapu. Kisha akasema: "Ile neno haijatokaka mu kinywa yangu. Hata Mungu sijamuambia vile. Namuambiaka 'ule mutoto'."

"Mama, ni dakika moja tu."

"Kwako ni dakika moja."

Alikataa. Hakukataa na hasira. Alisema: "Acha ile kazi, papa. Kama ni kula, kuja ule hapa. Ulishaka kula hapa." Akanifungia ndagala mu karatasi nipelekee batoto.

Nikarudia Baraka na ile ndagala. Nililala vibaya. Kisha nikaenda kwa inspecteur, nikamuomba amuandikie mama convocation ya mushahidi. Akaandika, akaweka cachet, ile muhuri ya bureau. Kesho yake niko Swima tena.

Mama hasomi Français. Nikamusomea. Hapa njo dhambi yangu, acha niiandike bila kuizunguka: nilimusomea maneno haikuwa mule. Mule kulikuwa tu kama banamuomba afike. Mi nikasoma kama asipofika, polisi batakuja kumukamata hapa Swima, mbele ya batu, bamupakize ku pikipiki.

Mama muzee. Ule alinivalisha shati ya mutoto yake.

Aliangalia ile cachet muda murefu. Akasema: "Basi polisi basisumbuke. Nitakuja."

Alhamisi akafika. Alivaa kitenge yake ya kanisa na kitambaa ku kichwa, akakaa mu bureau akiwa amenyooka kama mutu anangoja kupigwa picha. Mu couloir kulikuwa bamama bengi banangoja karatasi ya kuzaliwa ya batoto, ku mulango ya kando, na mulango yetu ilikuwa wazi juu ya joto.

Inspecteur akamuuliza na heshima yote: "Mama, huyu unamujua?"

"Namujua. Nilimulisha."

"Jina yake?"

"Wilondja."

"Na ule Etabo wa ku diplôme?"

Coordonnateur akainama mbele. Hakusema vibaya, niwe mukweli. Alisema tu: "Mama, Etabo iko wapi? Tumuite naye aseme."

Mama aliniangalia. Mi nikaangalia viatu yangu.

"Etabo alikufa," akasema. Sauti kidogo sana, kama mutu anaomba chumvi kwa jirani. Kisha akarudilia, na ile ya pili haikuwa sauti nilishaka kusikia kwake: "Etabo alikufa! Mwanangu alikufa, mamaaa! Mwanangu alikufa!"

Akatosha kitambaa ku kichwa, akatelemuka ku kiti, akakaa ku ciment na mikono ku kichwa, na kilio ikatoka. Ilikuwa kilio ya mutoto ametoka kufa sasa hivi. Kwake alikuwa ametoka kufa sasa hivi.

Mama mumoja akaingia kutoka couloir, na mutoto ku mugongo. "Nani amekufa?"

"Mutoto yake," planton akajibu.

"Lini?"

"Zamani, banasema."

"Zamani gani na iko analia leo?" Akafunga kitenge nguvu ku kiuno, akakaa chini kando ya mama, akamushika mabega, akaanza kulia naye. Bengine bakaingia nyuma yake. Hawakujua Etabo ni nani. Bakalia tu, kila mumoja labda na wake. Planton akashituka: "Bamama! Bamama, hii ni bureau ya l'État, ya serikali!"

Mama mumoja mwenye sahani ya tomate akamujibu bila kumuangalia: "L'État nayo ikae chini."

Na l'État ikakaa. Inspecteur akasukuma kiti yake, akakaa chini. Coordonnateur ni mwana wa huku, hata avae cravate; anajua kama mama akilia chini, weye hauwezi kumulilia juu ya kiti. Nikamuona anakunja pantalon yake ya kupasi, anakaa ku ciment, dossier yangu juu ya magoti. Mi peke yangu njo nilibakia nimesimama. Sijui juu ya nini. Nilisimama tu kama muti ya kamba.

Kilio ilipopungua, coordonnateur akasema palepale chini: "Sina swali tena."

Bakasaini procès-verbal, ile karatasi ya maneno ya kesi. Kazi yangu irudi. Mbele ya kutoka coordonnateur akaniambia, na macho yake haikuwa mabaya: "Pole. Jumatatu asubuhi ukuje usaini. Usikose, Wilondja. Nikimutosha ule kijana na weye hauko, sitaweza kuacha nafasi wazi."

Nilishinda. Bibi yangu alipiga vigelegele mu telefone. Nikamuambia: nyamaza, tuko tunalia.

Habari ilifika Swima mbele yetu, juu motard hawezi beba kitu bila kuitangaza. Tulikuta kiwanja imefagiliwa, moto imewashwa, banaume bamekaa. Nikafikiri mabaya imeisha, sasa tutalia na mama atapumuzika.

Ijumaa bajomba ya marehemu bakafika, bandugu ya mama. Mukubwa wao ni Mzee Mlondani, alitoka Lulimba na pikipiki, matope mupaka ku kofia. Kwetu Babembe, mutu akifa, bajomba yake banaambiwa mbele ya mutu mwingine yote. Hiyo hakuna kuizungumuzia. Jana bakamuita mama ku lubunga, pale banaume banakaaka kukata mambo ya ukoo. Mi pia nilikuwa pale, nimekaa ku mwisho ya banc.

"Dada," Mzee Mlondani akasema, "mutoto yetu alikufa, ukatuambia anatafuta maisha. Hiyo tunaweza kumeza. Vita ilikuwa vita. Lakini ukaenda kumulilia kwanza kwa bageni. Mu bureau! Na bachuuzi ba tomate! Sisi bajomba tunasikia na motard, kama batu banauliza bei ya samaki. Nani alikutuma pale?"

Mama akajibu, macho chini: "Ni serikali. Balisema nisipoenda, polisi batakuja kunikamata."

Banaume bakaguna. Mwingine akasema: "Ah, kama ni polisi..." Lakini Mzee Mlondani akatikisa kichwa. "Serikali ilikosa, sawa. Lakini serikali haitoe mbuzi ya kosa. Siku ya kufunga matanga, dada, utatoa weye."

Na mi nilikuwa pale. Nilisikia uongo yangu inatembea mu kinywa ya mama, mbele ya kaka zake, inamukingia. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Banc haikunifunga. Nikakohoa, batu bakaniangalia, nikajifanya ni moshi.

Leo asubuhi, kisha maombi, nikamufuata hapa nyuma ya nyumba. Alikuwa anachagua muchele.

"Mama, hakukuwaka polisi."

"Polisi gani?"

"Bale nilikusomea mu karatasi. Mule hakukuwa polisi. Nilidanganya."

Akaendelea kuchagua. Kisha nikaona mabega yake inatikisika, nikafikiri analia tena. Kumbe anacheka.

"Papa, polisi ya Baraka hawana hata essence ya kutia ku pikipiki bafuate mwizi wa kuku mu marché. Batafika Swima juu ya mi, muzee?"

"Ulijua?"

"Nilikulisha myaka ngapi? Ukidanganya unasomaka mbio mbio, bila kupumua. Ulikuwa unafanya vile hata ku bulletin ya école ukipata mbaya."

"Sasa ulikuja juu ya nini?"

Akatupa jiwe moja ya mu muchele. "Juu nilikuona. Nikasema, huyu mutoto nilimulisha, sasa anafika kunitisha na polisi. Basi amekauka kabisa. Acha nimupatie ile kitu anataka, aende."

Aende. Alisema vile bila kukaza sauti.

"Na kwa bajomba? Juu ya nini uliwaambia ni polisi?"

"Ungependa niseme ni weye? Batakula mbuzi yako, na kuku yako, na ile mihogo yako ya mistari, mupaka na kamba." Akacheka tena kidogo. Kisha ikaisha. "Lakini usifikiri nimekusamehe juu nacheka. Bado. Kwanza namulilia mwanangu. We utangoja nyuma."

Nikamuambia sawa, mama.

Sasa niko hapa nahesabu yangu. Matanga inafungwa kesho asubuhi. Bajomba batasema neno ya mwisho, mama atatoa mbuzi, na kwisha. Neno yenye haikusemwa mbele ya kufunga, hakuna mutu anaifungua tena; ukiifungua ni kama unaita kifo ingine. Kwa hiyo siwezi kusema nitarudi juma ijayo nieleze. Ni kesho ao hapana.

Na kesho asubuhi njo ile jumatatu ya kusaini.

Jana nilimupigia coordonnateur, nikamuomba siku mbili. Akauliza: "Kifo ya nani?" Nikasema ya ndugu yangu. "Ule Etabo?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Wilondja, mi pia nilikaa chini siku ile. Lakini congé ya kufiwa ni ya kifo ya sasa. Bukavu batanicheka. Kuja jumatatu, dakika kumi tu, kisha urudie ku matanga." Hana makosa. Lakini mu hii matope, kutoka hapa mupaka Baraka na kurudi, nitakuta bameshafunga, na mbuzi ya mama imeshakatwa.

Mama hajui nafikiri hii. Yeye alishaka kunitafutia motard wa alfajiri. Akaniambia: "Uende mapema. Nililia juu ya ile." Hiyo njo inanivunja zaidi. Nikikosa kazi, je, si nitakuwa nimemuliza bure? Nimezunguka na hii swali tangu saa sita. Nyimbo mbele ya nyumba zimebadilika mara ngapi, sijui.

Lakini hapana. Hakulia bure. Hakulia juu ya kazi yangu, hata kama yeye anasema vile. Ile kilio ilikuwa yake na mutoto yake, mi nilikuwa tu mutu alipiga mulango teke. Chenye kinabakia kwangu ni ile uongo, na kuna mama muzee kesho atailipia na mbuzi yake, na kaka zake batamuangalia kama dada mupumbavu alitishwa na polisi. Mi nikiwa Baraka nasaini.

Nimemuambia motard asikuje. Bibi yangu nimemutumia ujumbe; amejibu neno moja tu, "Weye!", na sijui kama ni ya hasira. Inspecteur pia nimemuandikia, lakini réseau ya telefone hapa inakuja na kuenda, naona ile ujumbe ingali inazunguka.

Asubuhi nitasimama ku lubunga, niseme: Mzee Mlondani, hakuna polisi, ni mi. Nilimudanganya dada yenu, mbuzi iko juu yangu. Sijui batanijibu nini. Naogopa, acha niseme kweli. Batu bengi nilishaka kuwasimamia mbele mu mashamba, lakini pale nilikuwa na kamba mu mukono.

Na coordonnateur akiweka ule kijana wa Bukavu ku nafasi yangu, atakuwa na haki. Mara ya kwanza balinifukuza bure, na niliwashitaki. Hii ya pili nitakuwa nimeichagua mi mwenyewe. Hii, sitamuita mama akuje kunisemea.